Chema Chajiuza? Mhitimu wa Kiswahili na Soko la Kazi za Lugha



Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina haki yake gengeni, mahali ambapo mnunuzi hulishika embe mkononi, akalinusa na kulibonyeza, akajua kwamba limeiva. Ikihamishiwa kwenye kazi za lugha, inapotosha. Tafsiri nzuri haina harufu. Mteja anayetaka mkataba wake ufasiriwe mara nyingi ni mtu asiyejua lugha mojawapo kati ya hizo mbili. Kama angezijua zote vizuri, asingemhitaji mfasiri. Kwa hiyo hana njia ya kuionja bidhaa kabla ya kuilipia, na pengine hata baada ya kuilipia. Katika biashara ya namna hiyo chema hakijiuzi hata kidogo. Hukaa nyumbani na digrii yake kikisubiri kuitwa.

Wapo wahitimu wengi wa shahada za Kiswahili, Tanzania na Kenya, walioiamini methali hiyo pasipo kuitaja. Wamesoma fonolojia, mofolojia, sintaksia na fasihi, na wamefaulu. Mlango waliouzoea ni ualimu, na mlango huo hauwatoshi wote wanaobisha hodi. Mhadhara huu unahusu milango mingine: tafsiri, ukalimani, uhariri, uandishi na ufundishaji wa wageni. Swali lake si kama Kiswahili kina soko. Swali ni kitu gani hasa mhitimu anachoweza kukiuza katika soko hilo, kwa bei gani, na kwa masharti yapi. Dai linalotetewa hapa ni kwamba Kiswahili peke yake hakijawa bidhaa. Kinakuwa bidhaa kinapoambatana na lugha nyingine, na fani inayojulikana kwa undani, na bei iliyopigiwa hesabu.

Azimio si tangazo la kazi

Historia ya kukwea kwa Kiswahili katika miaka ya karibuni inajulikana, na haihitaji kurefushwa. Julai 2004 Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji alikitumia katika kikao cha wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Rwanda ilikiongeza katika lugha zake rasmi mwaka 2017. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yaani SADC, ilifanya hivyo Agosti 2019. UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwezi Novemba 2021. Na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi.

Maazimio haya ni ya fahari, na waliohangaika kuyapata wanastahili shukrani. Lakini kila linapopita, wanafunzi huambiwa kwamba ajira zimefunguka, na hapo ndipo penye kasoro. Taasisi ya kimataifa inayoikubali lugha mpya huhitaji wakalimani na wafasiri wachache waliobobea, haihitaji maelfu. Tena haiwahitaji wa Kiswahili na Kiingereza tu. Lugha za Umoja wa Afrika ni pamoja na Kifaransa, Kireno na Kiarabu, na katika SADC Kireno kina Angola na Msumbiji nyuma yake. Mhitimu mwenye Kiswahili na Kiingereza anashindana na kila mhitimu mwenzake wa Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi na Eldoret. Mwenye Kiswahili na Kireno anashindana na watu wachache mno.

Kwa sababu hiyo kijana wa Bujumbura au Lubumbashi, aliyekulia katika Kiswahili na kusomeshwa kwa Kifaransa, ana mtaji ambao mwenzake wa Pwani hana, ingawa mara nyingi huambiwa kwamba Kiswahili chake si sanifu na kufanywa auonee haya. Usanifu unaweza kufunzwa kwa mwaka mmoja au miwili. Kifaransa cha kukalimania hakipatikani kwa muda huo. Kichina nacho kimekwisha kuthibitisha thamani yake: mwaka 2011 tamthilia ya Kichina *Doudou na Mama Wakwe Zake* ilirushwa na Shirika la Utangazaji Tanzania ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na tangu hapo kazi ya kuingiza sauti katika tamthilia za kigeni imewapatia riziki waigizaji na wafasiri ambao hakuna idara ya Kiswahili iliyowaandaa kwayo.

Ushauri wa kwanza, basi, unamhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuliko mhitimu: achague lugha ya tatu mapema, na aisome mpaka aweze kuifanyia kazi. Cheti cha miezi sita kinachomwezesha kuagiza chai hakitamfikisha kwenye kibanda cha ukalimani.

Mdhamini ni nani?

Jambo la pili ni fani, na hili linastahili kukawiwa, kwa kuwa ndipo wahitimu wengi hukwama bila kujua sababu.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho ya sheria mbalimbali yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Kabla ya hapo mahakama za mwanzo zilikuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mabadiliko hayo yalifungua kazi kubwa ya kufasiri, na wahitimu wa Kiswahili walitarajia kuwa wa mbele. Wengi wamegundua kwamba wanaotafutwa ni wanasheria wenye Kiswahili kizuri. Jambo hilo limelalamikiwa sana barazani. Inafaa kuuliza kwanza kama waajiri hawana sababu.

Lichukuliwe neno moja tu, *mdhamini*. Mdhamini wa mkopo ni mtu aliyekubali kulipa deni iwapo mkopaji atashindwa. Mdhamini wa mshtakiwa hana deni lolote. Ameahidi kwamba mshtakiwa atafika mahakamani, na atawajibika endapo hatafika. Mdhamini aliye katika bodi ya wadhamini ya msikiti, kanisa au chama hushika mali kwa niaba ya wengine, na si yake ingawa hati zinaandikwa kwa jina la bodi. Mdhamini wa ligi ya mpira hutoa fedha ili jina la kampuni yake lionekane kwenye jezi. Hawa ni watu wanne, wenye mafungamano manne tofauti ya kisheria, na Kiswahili kimewapa jina moja. Kiingereza kina neno pekee kwa kila mmoja wao.

Mzawa wa lugha hutofautisha maana hizi kwa muktadha bila shida, almuradi yuko katika mazungumzo. Mkataba wa kurasa 40 si mazungumzo. Mfasiri aliyekutana na neno la Kiingereza linalomaanisha mshika mali, akaandika *mdhamini*, kisha ukurasa wa pili akaandika *mdhamini* tena kwa mtu anayelipa deni, hajakosea sarufi hata kidogo. Msahihishaji wa lugha atampa alama zote. Lakini mjane aliyetia sahihi akidhani anashika shamba la watoto wa marehemu anaweza kujikuta akidaiwa na benki. Hapo ndipo ujuzi wa ngeli na vitenzi unapofika mwisho wake. Aliyesoma sheria ya mikataba angeliona hatari ukurasa wa kwanza, akafafanua: mdhamini wa deni, mdhamini mshika mali, na kadhalika, na kulitumia kila jina kwa maana moja hadi mwisho.

Neno *dhamana* lenyewe lina matatizo yayo hayo, kwa kuwa hutumika kwa mshtakiwa aliyeachiwa, kwa nyumba iliyowekwa benki, na kwa ahadi ya muuza friji kwamba italitengeneza likiharibika. Tiba, bima, kilimo, madini na uhasibu vina maneno ya namna hiyo.

Mhitimu afanye nini? Asirudi darasani kusomea shahada ya pili ya sheria, isipokuwa kama anao uwezo na hamu. Achague fani moja, moja tu, na aishi nayo. Aliye na shangazi muuguzi aanze na afya. Aliyekulia dukani kwa baba yake aanze na biashara. Asome sheria au miongozo ya fani hiyo katika lugha zote mbili, akae katika mabaraza na ofisi zake, na ajitengenezee faharasa yake mwenyewe, neno kwa neno, kila moja likiwa na sentensi mahali lilipotumika. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha mwaka 1990 kamusi sanifu za isimu na lugha na za biolojia, fizikia na kemia. Ni misingi mizuri, lakini kamusi ya istilahi huonyesha kilichokubaliwa na wataalamu mezani, na mteja huzungumza kilichokubaliwa barabarani. Mfano ulio hai ni huduma za fedha kwa simu, zilizoanza Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Mtanzania humwambia ndugu yake *tuma na ya kutolea*, na kila mtu anaelewa kwamba mtumaji aongeze ada ambayo mpokeaji atakatwa kwa wakala. Hakuna kamati iliyoibuni kauli hiyo. Anayeandika matangazo ya huduma hizo na asiijue, akaandika kwamba wateja wanaombwa kujumuisha gharama za utoaji, ameandika Kiswahili sanifu kisichouza chochote.

Barua isemayo "kazi yoyote"

Kabla ya kufika kwenye bei, neno fupi kuhusu barua ya maombi ya kazi, kwa kuwa hiyo ndiyo sampuli ya kwanza ya lugha ambayo mwajiri huipata.

Barua nyingi za wahitimu, hata wa Kiswahili, huanza hivi: *Husika na kichwa cha habari hapo juu.* Mwanaisimu akiitazama sentensi hii huona kwamba kitenzi chake kiko katika hali ya kuamuru. Anayeamrishwa kuhusika ni mkurugenzi aliyeombwa kazi. Bila shaka mwandishi hakukusudia hivyo. Amerithi kauli iliyotafsiriwa vibaya miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyemsimamisha. Kwa mwombaji wa kazi ya udereva ni kosa dogo. Kwa anayeomba kazi ya uhariri, barua imekwisha kujijibu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni maneno *naomba kazi yoyote*. Yanaandikwa kwa unyenyekevu, na katika malezi ya Kiswahili unyenyekevu ni adabu. Lakini msomaji wa barua hana ofisi inayoitwa kazi yoyote. Ana tatizo mahususi: ripoti ya mwaka iliyojaa makosa, watumishi wageni wasioweza kuzungumza na wanakijiji, vipeperushi ambavyo wagonjwa hawavielewi. Barua inayolitaja tatizo hilo, ikaambatanishwa na ukurasa mmoja wa kipeperushi kile kile kilichoandikwa upya, itasomwa. Adabu haipotei kwa kusema unaloliweza.

Hesabu ya bei

Sasa bei. Suala hili halifundishwi katika idara za lugha, kana kwamba ni la aibu. Matokeo yake ni kwamba mhitimu akiulizwa "Utataka ngapi?" hujibu "Wewe utanipa ngapi?", na kuanzia hapo amekwisha kushindwa.

Wafasiri wengi huhesabu kwa neno au kwa ukurasa. Anayehesabu kwa ukurasa akubaliane kwanza na mteja ukurasa una maneno mangapi, kwa sababu herufi zikipunguzwa kurasa 20 huwa 12. Anayehesabu kwa neno akubaliane jambo ambalo wageni katika kazi hii hawalifikirii: ni maneno ya matini chanzi au ya matini lengwa? Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. *Hatutawalipa* ni neno moja. Kiingereza hulisema kwa maneno matano. Kweli, vihusishi kama *ya* na *wa* huongeza idadi, na istilahi isiyo na neno moja hurefuka ikawa maelezo. Hata hivyo, kwa matini ndefu ya kawaida, Kiswahili huwa na maneno machache kuliko Kiingereza chake. Mfasiri anayetoka Kiingereza kwenda Kiswahili na akakubali kulipwa kwa maneno ya matini lengwa amejipunguzia ujira kwa sababu ya mofolojia ya lugha yake mwenyewe. Anayekwenda upande wa pili amenufaika. Lililo bora kwa wote ni maneno ya matini chanzi, kwani yanahesabika kabla ya kazi kuanza, na mteja anaijua jumla siku ile ile.

Bei ya neno moja itatoka wapi? Isitoke kwa jirani. Itoke katika siku. Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi ulimpimia mfasiri wake kurasa 5 za maneno 330 kwa siku, yaani maneno 1,650. Katika soko huria watu hufikisha 2,000 au zaidi kidogo kwa matini isiyo ngumu. Anayejisifu kwa maneno 6,000 kwa siku ama hasomi alichokiandika ama ameiachia mashine.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa mfasiri anayehitaji shilingi 800,000 kwa mwezi kwa chakula, kodi ya chumba, umeme, intaneti na nauli. Mwezi una siku 22 za kazi, lakini 6 kati ya hizo atazitumia kutafuta wateja, kuandika ankara na kufuatilia malipo, shughuli ambazo hakuna anayezilipia. Zimebaki 16. Kila siku ya kufasiri, basi, lazima imletee shilingi 50,000. Ikija kazi ya maneno 10,000, atahitaji siku 1 ya kutafuta istilahi, 5 za kufasiri na 2 za kuhariri, jumla 8. Gharama ni shilingi 400,000, yaani 40 kwa neno. Chini ya hapo anamfadhili mteja. Na bado hajaweka akiba, wala ugonjwa, wala kodi ya mapato, wala kompyuta itakayokufa baada ya miaka minne. Bei ya 40, kwa hiyo, ni sakafu. Takwimu zenyewe zitabadilika kwa kila mtu na kila mji. Kinachotakiwa ni kuipiga hesabu hiyo kabla simu haijalia.

Upo ugumu mwingine, nao ni wa kijamii. Mteja wa kwanza huwa ndugu, mwalimu wa zamani, au rafiki wa kaka, na huomba "nisaidie mdogo wangu, nitakukumbuka". Kukataa ni utovu wa adabu. Kinachosaidia ni ankara. Mfasiri aandike bei kamili, kisha chini yake aandike punguzo la udugu, hata likiwa la asilimia mia moja. Ndugu atajua thamani ya alichopewa, na akija na kazi ya kampuni yake hatashangaa bei.

Kuhusu malipo ya kutangulia, Kiswahili kina neno *arubuni*, lililokuja na biashara ya Bahari ya Hindi na linalofahamika kwa mafundi na madalali hadi leo. Fundi seremala hakati mbao bila arubuni, na hakuna anayemwita mlafi. Ni ajabu kwamba msomi anayejua etimolojia ya neno hilo huona haya kulitumia. Theluthi moja au nusu mwanzoni, na iliyobaki siku ya kukabidhi, ni desturi inayoeleweka. Tarehe ya kukabidhi iandikwe, na iandikwe pia kwamba mteja ana siku ngapi za kutoa hoja zake, ama sivyo masahihisho yatadumu mwaka mzima.

Ukalimani una kanuni yake ambayo waandaaji wa mikutano hupenda kuisahau. Ukalimani sambamba hufanywa na watu wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 au 30, kwa kuwa akili huchoka na makosa huongezeka. Mkalimani anayekubali kukaa peke yake kibandani siku nzima ili apate malipo yote hatarudishwa mwaka ujao, na kosa la waandaaji litahesabiwa kuwa lake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ni methali ambayo haina ubishi. Anayetaka kufanya kazi na taasisi kubwa Tanzania atahitaji namba ya utambulisho wa mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato, na jina la biashara lililosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Taasisi ikimkata kodi ya zuio, adai hati yake na kuihifadhi, maana kiasi kilichokatwa huhesabiwa katika kodi yake ya mwaka. Wengi huiacha hati hiyo, wakalipa mara mbili.

Mashine

Haiwezekani kuzungumzia bei bila kuitaja mashine. Google iliingiza Kiswahili katika huduma yake ya tafsiri mwaka 2009, na matokeo ya miaka ile yaliwachekesha watu. Hayachekeshi tena. Barua ya kawaida ya kibiashara hutoka ikiwa inasomeka, na mteja anajua hivyo. Mfasiri atakayeendelea kuuza barua za kawaida kwa bei ya zamani hatadumu.

Linalobaki ni lile lililokwisha kuelezwa. Mashine haimjui mdhamini ni yupi. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika *yeye* wala katika kiambishi *a-*, kwa hiyo mashine ikienda Kiingereza hulazimika kubahatisha, na hupenda kumfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke. Katika hati ya mirathi bahati nasibu ya namna hiyo haivumiliki. Kazi mpya inayojitokeza ni kuhariri matini ya mashine, nayo ina bei yake, iliyo chini ya tafsiri kamili na juu ya usahihishaji wa kawaida. Ni halali kuifanya, maadamu mteja ameelezwa. Isiyo halali ni kuuingiza mkataba wa siri wa mteja katika mashine iliyo wazi kwa umma bila ruhusa yake. Mfasiri aliyekamatwa kwa kosa hilo hana utetezi.

Kitabu na mnunuzi mmoja

Wapo wanaotamani kuandika na kufasiri vitabu. Kwao lipo onyo la kisheria na lipo la kibiashara.

La kisheria ni kwamba haki ya kufasiri ni ya mwenye kazi. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999. Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi* katika miaka ya 1960, mwandishi alikuwa amefariki tangu 1616, na hakukuwa na wa kuombwa. Kijana anayefasiri riwaya ya mwandishi aliye hai kwa miaka miwili, kisha akatafuta mchapishaji, ameanza mwisho. Ruhusa hutangulia. Pia tafsiri yenyewe ni kazi yenye hakimiliki, na mfasiri asome katika mkataba kama anaiuza moja kwa moja au anairuhusu itumike kwa toleo moja.

La kibiashara linatokana na vitabu vya kiada. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza Kenya mwaka 1985 na Kiswahili kikafanywa somo la lazima la kutahiniwa, soko kubwa la vitabu lilizaliwa, na waandishi kadhaa walijenga nyumba kwa vitabu vya sarufi. Tanzania nayo ilianza kuwaachia wachapishaji binafsi vitabu vya kiada kuanzia mwaka 1991. Katika muongo wa 2010 kazi hiyo ikarejeshwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na wachapishaji waliokuwa wameweka kila kitu katika vitabu vya shule wakayumba. Sera inaweza kuwa nzuri au mbaya; huo ni mjadala wa siku nyingine. Mwandishi mwenye mnunuzi mmoja hujenga juu ya uamuzi wa mtu mwingine, hata mnunuzi huyo akiwa serikali.

Shaaban Robert aliajiriwa kuwa karani wa forodha mwaka 1926, na alikuwa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka 30, huku akiandika vitabu vinavyosomwa hadi leo. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini ulimruhusu asiandike kwa amri ya mnunuzi. Mhitimu anayeanza kazi za lugha jioni na mwisho wa juma, akiwa na ajira nyingine mchana, hajashindwa. Aache ajira hiyo siku ambayo daftari lake, kwa miezi 6 mfululizo, linaonyesha kwamba jioni zinamlipa kama mchana.

Upande wa idara

Si haki kumtwika mhitimu peke yake. Idara za Kiswahili huwataka wanafunzi wa mwaka wa mwisho waandike tasnifu fupi, na nyingi ya hizo huchambua maudhui ya riwaya ile ile iliyochambuliwa na waliotangulia, kisha huwekwa kabatini. Hakuna kinachozuia idadi fulani ya tasnifu hizo kuwa faharasa zenye uchambuzi: istilahi 300 za bima ya afya kama zinavyotumika kaunta ya hospitali, pamoja na zinavyoandikwa katika sheria, na maelezo ya pale zinapotofautiana, au istilahi za uvuvi kutoka Kilwa na Lamu, au lugha ya mikopo katika vikundi vya akina mama. Nadharia haipungui, kwa kuwa semantiki ya *dhamana* ni ngumu kama ya shairi lolote. Mwanafunzi hutoka na shahada, na pia na kitu cha kumwonyesha mwajiri, ambacho mwajiri anaweza kukikagua kwa sababu fani hiyo ni yake.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar ndiyo yenye jukumu la kusimamia usanifu wa istilahi. Kazi hizo zinaweza kupelekwa huko kwa kukaguliwa mwanafunzi angali chuoni. Msimamizi wa tasnifu ndiye wa kuandika barua hiyo, na asianze na *husika*.